Mgeni Aliyetoka Kwenye Gunia la Makombe

Jumatatu, 2 Juni

Siku ilianza vibaya, ikawa nzuri kidogo, jioni ikaharibika kabisa. Naandika kwa mpangilio.

Asubuhi kiwandani tuliletewa makombe ya baharini kutoka Pwani. Magunia mabichi, yananuka. Kazi yangu, kwa yeyote atakayesoma haya baada yangu (Lorine, weka chini!), ni kuyamimina kwenye mashine yasagwe, yawe unga wa kutiwa kwenye chakula cha kuku wa mayai. Kuku asipopata makombe hutaga yai laini, ukilishika linapasukia mkononi. Bila mimi Nairobi hii haina yai la kuchemsha. Hakuna aliyewahi kunishukuru.

Nilifungua gunia moja na kombe likatembea. Nikapiga kelele. Kelele ya kiume, lakini kelele. Wafula, tunayefanya naye kazi kwenye mashine moja, akasema ni konokono, nimtupe ndani tuendelee. Nikaangalia vizuri. Konokono gani ana miguu? Ni kaa! Kaa mdogo kama kidole gumba changu, amejitia ndani ya ganda la konokono wa baharini, macho yake mawili juu ya vijiti, ananikagua. Kisha akajivuta ndani na kufunga mlango kwa gando lake la kushoto. Nikampenda papo hapo. Nilimtia kwenye mkebe wangu wa chakula. Wafula akaanza kudai kwamba ni yeye aliyemwona kwanza. Uongo. Alimwona kwanza kama konokono.

Jioni nilimkuta Lorine, kitinda mimba wangu, amepika nyama siku ya kazi. Dalili mbaya. Amepata bedsitter, chumba kimoja cha kupanga, huko Donholm, karibu na maabara ya hospitali anakofanya kazi. Anahama mwisho wa mwezi. Nikasema hongera, mama. 

Tumekaa wawili hapa Lucky Summer tangu aanze chuo. Yeye analala chumba cha ndani, mimi chumba cha nje na televisheni. Mama yake, Selpher, yuko nyumbani Malava anaangalia shamba. Akija Nairobi hulala kwa dada yake mtaani Komarock, kwangu huja mchana tu, ananung'unikia sufuria zangu na kuondoka. Sasa Lorine akienda mimi nabaki na nani? Na televisheni.

Hapo mkebe ukatikisika juu ya meza. Lorine akaruka juu ya kiti. Halafu akachungulia. Halafu akacheka, akakaa sakafuni akamtazama yule kaa mpaka chai ikapoa. Simu hakuigusa hata mara moja! Tumempa jina: Mgeni.

Nimelala na mpango. Lorine ana moyo mwepesi kwa viumbe. Akimpenda Mgeni hatamwacha. Na Mgeni haendi popote.

Jumatano, 4 Juni

Kaa ni wa baharini. Bahari ni maji ya chumvi. Kwa hivyo nilijaza karai maji, nikamwaga chumvi ya jikoni, nikamtumbukiza. Hilo halihitaji chuo kikuu.

Alitembea chini huku na huku, kisha akapanda brashi niliyokuwa nimeisahau humo, akasimama juu kabisa, mbali na maji. Nikamrudisha. Akapanda tena. Nilikuwa namwambia aache ukaidi wakati jirani yetu Mama Nuh alipotokea kwenye korido. Jina lake ni Sirad, mzaliwa wa Kismayu, anauza vitambaa Eastleigh. Akatua mkoba wake, akamtoa Mgeni majini bila kuniomba ruhusa, na kuniuliza kwa upole sana kama nataka kumuua.

Kumbe huyu si wa kukaa ndani ya maji! Ni wa ufukweni. Hutembea mchangani jua likishatua. Anapumua kwa matamvua kama samaki, lakini yanataka unyevu tu. Ukimzamisha sana anakufa maji. Kaa kufa maji! Nilidhani ananitania. Mama Nuh akasema utotoni kwao walikuwa wakiwashindanisha mbio, na mshindi alirudishwa ufukweni kwa vigelegele. Alikuwa amemweka Mgeni kiganjani wakati akisema hayo.  Akasema hajamwona kaa wa namna hii tangu watoke kwao. Nikampa kiti.

Maagizo yake: mchanga mwingi wenye unyevunyevu. Kisahani cha maji ya chumvi ya mawe, si hii yangu ya jikoni. Kisahani cha maji matamu yaliyolala, ili dawa ya mferejini itoke. Joto. Na chakula chochote, hachagui.

Mchanga ulikuwa hapo nje. Wikendi Wafula ni fundi, na mwenye nyumba amempa kazi ya kupiga plasta ukuta wa ploti yetu, jengo hili la wapangaji. Kuna lundo zima karibu na lango. Nilichota karai moja. Ni nani aliyetokea? Akasema nitaurudisha wote, mchanga wake umepimwa. Kuna mtu hupima mchanga!

Jumamosi, 7 Juni

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu ameshapita siku ya tatu na kazi yake ni kula. Amekula ugali, kichwa cha omena, ndizi iliyoiva kupita kiasi, na ganda la yai. Ganda la yai lililotokana na unga wangu! Nilijisikia mtu muhimu.

Mpango unakwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Lorine anarudi mapema. Anakaa chini na kumsomea Mgeni habari zake mwenyewe kutoka kwenye simu, na mimi nasikiliza nikijifanya nakunja nguo. Kwamba kiuno chake ni laini, kimejipinda, hakina ulinzi wowote. Bila ganda yeye ni nyama tu. Kwamba hata ganda si lake, ni la konokono aliyekufa. Kwamba mama yao huenda baharini kumwaga mayai, na watoto huelea huko peke yao, na wakirudi nchi kavu kila mmoja anajitafutia nyumba. Nikauliza baba yao yuko wapi. Lorine akasema hajaandikwa.

Kisha akasoma sehemu ambayo sikuipenda. Ganda likimbana, kaa huyu hutafuta kubwa zaidi. Wakikutana wengi wenye shida hiyo hujipanga mstari, mkubwa mpaka mdogo. Mkubwa akihama, wa pili anaingia alikotoka, wa tatu anaingia kwa wa pili, mpaka wote wamepata. Lorine akasema, "Ona vile wako organized, Baba. Hakuna drama. Ukibanwa unahama, basi."

Akanitazama. Nikatazama televisheni. Haikuwa imewashwa.

Halafu akasema ganda la Mgeni limemegeka mdomoni na limeanza kumbana. Si mimi nashinda na makombe? Nimletee makubwa kidogo, achague.

Hatari! Akimwona Mgeni akihama mbele ya macho yake, na akaona kuhama kwenyewe ni jambo la dakika moja, nimekwisha. Nikasema nitatafuta. Na nikatafuta, mimi si mwongo. Nilipata mazuri mno, ya duara, midomo mipana. Moja lina mistari ya kahawia, nyumba ya mtu wa hadhi. Nimeyatia yote kwenye soksi na kuyaficha chini ya godoro langu. Lorine nikamwambia yote yamefika yamevunjika. Mtu anayesaga makombe kutwa nzima amekosa kombe! Aliniamini. Nilijisikia vibaya kidogo, na mbavu zinaniuma kwa kulalia yale makombe.

Jumanne, 10 Juni

Nimefikiri upya. Mwenye nyumba mwerevu hamfungii mpangaji mlango. Anarekebisha nyumba, mpangaji anaona aibu kuondoka.

Nimenunua mapazia ya maua. Nimekaza miguu ya kiti. Na kwa kuwa Lorine hulalamikia maji baridi kila Juni, leo nilifunga mwenyewe mashine ya kuchemsha maji bafuni. Kulikuwa na nyaya mbili na mimi nina akili timamu. Nikawasha.

Ploti nzima ikazima! Moshi. Watu koridoni na tochi za simu. Mama mmoja wa ghorofa ya juu alikuwa na uji wa mtoto kwenye jiko la umeme na alinieleza maoni yake kwa ukamilifu. Wafula, ambaye hata haishi kwenye ploti hii, alikuwa amekuja kuangalia mchanga wake, akapiga makofi. Tumeoga maji baridi wote, kuanzia chini mpaka juu.

Lorine alinifunga bandeji kidoleni. Akaniuliza kwa nini nahangaika na nyumba hivi. Nikasema nyumba hutaka matengenezo. Akaendelea kunishika mkono hata baada ya kumaliza kufunga. Nilikaribia kumwambia. Nikamweleza kuhusu fyuzi.

Selpher alipiga simu. Alikuwa ameshasikia, sijui husikiaje kutoka Malava. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza lile swali lake la kila siku: Lorine anahama lini hasa? Tarehe ngapi? Mama gani ana haraka ya kumwondoa mwanawe namna hii? Nikamwambia huenda asihame tena.  Halafu akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Alhamisi, 12 Juni

Mgeni ametoweka! Nimemtafuta kwenye viatu, kwenye unga, nyuma ya jiko. Niligonga kwa Mama Nuh. Nilimpigia Wafula na kumuuliza kwa sauti nzito kama ana jambo la kuniambia. Akaniambia mengi, hakuna lililohusu kaa.

Lorine aliporudi aliangalia karai mara moja tu. Mchanga wa kona moja ulikuwa umetifuka. Amejifukia! Akasema ameenda kukua. Wakitaka kukua hujichimbia chini wiki kadhaa, mtu asiwachokoze, na karai lisitikiswe. Alieleza mambo mengine mengi ya hapo chini mchangani lakini sikuyasikia. Nilikuwa nimeshikilia neno moja.

Lisitikiswe! Mungu ni mwema. Karai la mchanga lisilotikiswa litafikaje Donholm na hizi barabara zetu? Na Lorine atamwacha vipi kiumbe aliye katika hali hiyo? Mgeni asipotoka kabla ya mwisho wa mwezi, hakuna kuhama. Nimemwekea balbu ya kulelea vifaranga apate joto, na nimelizungushia karai blanketi langu moja. Usiku nitasikia baridi, lakini nashinda.

Jumapili, 15 Juni

Nimeshindwa.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Nikaleta hoja yangu kwa huzuni nzuri kabisa: jamani, Mgeni, hali yake, barabara, itakuwaje. Lorine akasema alishalifikiria zamani. "Mgeni anabaki na wewe, Baba. Ulidhani nitakuacha hapa solo?"

Alishalifikiria! Ndiyo sababu amekuwa akisoma kwa sauti jioni zote zile. Hakuwa anamsomea kaa. Alikuwa ananifundisha mimi kumtunza, ili nisikae peke yangu. Mpango wangu mwenyewe, binti yangu ameugeuza na kunirudishia.

Nilienda chooni nikakaa huko. Nililia kidogo. Mtu akagonga, nikasema tumbo.

Wafula naye alikuwa kanisani. Akasema mwanawe Griffins alipohama yeye alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu mtoto aanze shule ya msingi, na kwamba hata hivyo kijana hurudi kila Jumapili kumaliza chakula. Akanipiga begani. Sikuhitaji kupigwa bega na Wafula.

Alhamisi, 26 Juni

Sina budi kuandika haya haraka, kabla Lorine hajarudi kazini.

Wiki mbili, hakuna dalili. Baridi ya wiki hii imekuwa kali, balbu imeungua mara mbili. Kila asubuhi namsalimu Mgeni kupitia mchangani na leo wazo likanijia: itakuwaje kama ninamsalimu marehemu? Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua kijiko, nikachimba polepole.

Mguu. Nikauvuta kidogo ukaja wenyewe. Mguu mwingine. Kisha magando, uso, hata vile vijiti vya macho. Vyote vitupu, vyepesi kama ganda la kitunguu. Mgeni amekufa! Nikaacha kuchimba. Sikuwa na moyo wa kuona kilichobaki.

Na najua nani kamuua. Alitaka ganda kubwa. Makombe yalikuwa hapa ndani ya nyumba, mita chache kutoka kwake, na mimi nayalalia. Alikwenda kukua akiwa amebanwa kwa sababu mimi sikutaka mtu ahame.

Nimemweka kwenye kiberiti na kumzika kwenye mkebe wa dhania koridoni. Nikamwombea kwa Kiluhya ingawa yeye ni wa Pwani. Niliimba ubeti mmoja, kwa sauti ya chini, mtu asinisikie.

Sasa neno la ukweli. Nikimwambia Lorine leo, hatahama Jumamosi. Atabaki kunifariji, namjua. Nililifikiria jambo hilo muda mrefu kuliko inavyofaa. Nimeamua kunyamaza. Aende na furaha yake.

Ijumaa, 27 Juni

Wafula amedai mchanga wake, kesho anapiga plasta. Nilimwaga karai zima juu ya lundo bila kuangalia. Karai tupu nimelifunika blanketi. Lorine akauliza hali ya Mgeni. Nikasema bado amelala. Hilo lilinichoma.

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika yote.

Pikapu ilifika asubuhi. Kitanda kikapakiwa, meko ya gesi, ndoo. Nilibeba kila kitu nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kisha Lorine akasema anamuaga Mgeni. Nikasema asimsumbue. Akasema atachungulia tu. Akafunua blanketi.

Nikamwambia. Kila kitu, isipokuwa soksi. Alikaa juu ya godoro lake lililokuwa koridoni, akalia mbele ya ploti nzima, msichana mkubwa mwenye kazi yake. Nilisimama pale na taa ya mezani mkononi. Dereva wa pikapu akavua kofia.

Mama Nuh akatoka, akatupa pole. Akaomba aione maiti. Niliona ni jambo geni, lakini kila watu na desturi zao. Nikafukua kiberiti kutoka kwenye dhania. Akafungua, akapuliza kidogo. Mguu ukapeperuka hewani.

"Baba Lorine," akasema, "umezika nguo. Mwenye nguo yuko wapi?"

Kumbe wakikua hujivua! Huacha ngozi yao ngumu yote, miguu, magando, hata macho, kama nyoka aachavyo gamba lake, na mwenyewe anabaki hapo hapo chini, mlaini, akingoja kukomaa. Lorine akasema, "Si nilikuexplainia hii yote, Baba?" Na kweli alinieleza. Alhamisi ile ya neno moja.

Akauliza mchanga uko wapi. Hapo ndipo sote tuliposikia kutoka langoni: shee, shee, shee. Wafula anachekecha!

Nilikimbia. Kandambili moja ilibaki kwenye ngazi. Nikamnyang'anya koleo, akadhani nimepandwa na wazimu, akanishika shati. Nilikuwa napiga kelele kwamba Mgeni yuko hai na Wafula akawa anauliza mgeni gani, wa nani, amelala kwenye mchanga wangu kwa nini. Lundo lilikuwa limebaki kidogo. Sehemu ilikuwa tayari imekorogwa na simiti.

Lakini mchanga wa plasta lazima upitishwe kwenye wavu, na kokoto zinazokataa kupita huviringika zikaanguka upande. Hizo bado zilikuwepo. Tukapiga magoti kwenye kokoto: mimi, Lorine, Mama Nuh, dereva, yule mama wa uji. Mwishowe Wafula mwenyewe akapiga magoti akilaani. Na ni yeye, naandika kwa uchungu, ni Wafula aliyempata.

Akafungua kiganja. Lile ganda la zamani, na ndani yake Mgeni, au nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa nje. Amekua! Rangi ya waridi, laini, gando halifiki kufunga mlango. Upepo ulikuwa mkali. Lorine akasema atakauka, matamvua yake hayawezi, anahitaji ganda sasa hivi. Akanigeukia, macho bado mekundu. "Baba, hata moja halikuwa zima? Hata moja?"

Niliingia ndani. Nikainua godoro. Nikarudi na soksi, nikayamwaga makombe mbele yake, mbele ya watu wote.  Wafula aliyaangalia, akaniangalia, akaanza kuyahesabu.

Mgeni hakuwa na haraka. Akaliendea moja, akalipapasa kwa vipapasio, akatia gando ndani kupima. Akaliacha. La pili akalibingirisha, akaliacha. Akafika kwenye lile lenye mistari ya kahawia. Akapima. Akazunguka akapima tena. Kisha akatoka! Kiuno kizima nje, kidogo, kimejipinda, uchi mbele ya Lucky Summer.  Kunguru mmoja angetosha kummaliza hapo. Akarudi kinyumenyume, akaingia, akajitikisa kidogo akae sawa, akatembea. Mama Nuh akasema mashallah. Dereva akapiga makofi.

Lorine hakunigombeza. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama niliogopa. Nikasema makombe niliyapata jana. Akasema, "Baba." Nikasema ndiyo, niliogopa. Naogopa hata sasa. Hilo ndilo neno la kweli nililomwambia mwezi huu mzima. Akanikumbatia, mimi na simiti yangu, na shati lake jeupe la kuhamia likaharibika.

Pikapu ilipoondoka nilisimama langoni. Wafula akanipa koleo, akasema nimsaidie kumaliza ukuta, kazi huondoa mawazo. Tulipiga plasta mpaka jioni.

Jumapili, 29 Juni

Nimesonga ugali wa watu wawili. Mgeni alikula wa mtu wa pili, kiasi alichoweza.

Selpher akapiga. Ameshahama? Nikasema ameshahama, umefurahi sasa? Akasema amefurahi sana. Nikakasirika, nikasema maneno. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba Lorine, tangu mtoto awe mtu mzima, mimi nimelala kwako mara ngapi?"

Nikafikiri. Hata mara moja.

Akauliza kama nimesahau mila. Atalalaje na mumewe chumba cha nje, na binti mkubwa yuko cha ndani, anapita hapo hapo kwenda chooni? Aibu hiyo angeipeleka wapi? Ndiyo maana miaka yote hiyo hulala Komarock kwa dada yake akisikiliza shemeji yake akikoroma. Alikuwa anasubiri chumba. Hakutaka kumharakisha mtoto, kwa hivyo alikuwa akiniuliza mimi tarehe. Ameshakata tiketi ya Ijumaa.

Mwezi mzima nimekuwa nikipigana vita dhidi ya mke wangu mwenyewe! Nilikosa maneno. Akauliza kama mtandao ni mbaya. Nikasema hapana, ni mimi.

Jumamosi, 5 Julai

Selpher yuko hapa! Amekuja na kuku, mkungu wa ndizi na maoni. Mapazia ya maua hayapendi. Sufuria zote amezisugua upya. Tumelala chumba cha ndani kama watu wenye nyumba, na asubuhi nilibaki kitandani nikimsikiliza akiimba jikoni. Sijafurahi hivi kwa miaka mingi. Naandika jambo hilo hivyo hivyo lilivyo.

Lorine alikuja mchana. Amenenepa, au ni furaha. Mama Nuh alikuja na kaimati. Mgeni alitembea juu ya mkono wa Selpher mpaka kwenye kiwiko, naye akampa kipande cha firigisi. Firigisi ambayo kwa haki ni ya baba wa nyumba! Mimi nikala shingo.

Sasa nimeelewa. Mmoja anahama, nafasi inapatikana, mwingine anaingia. Ni jambo jema, na mtu mzima hapaswi kumzuia mwenzake njia. Nimejifunza. Nilimweleza hata Wafula, kwa kirefu, akakubali kwamba nimebadilika.

Baada ya chai Selpher akasema anarudi Malava Jumapili ijayo, mahindi yamekaribia kuvunwa. Nikasema vizuri sana, mama, shamba ni muhimu.

Viatu vyake vya safari vilikuwa mlangoni. Kimoja nilimpelekea Mama Nuh anifichie, akakataa, akanitazama kwa huruma. Sasa kiko kwa Wafula. Ameapa hatasema.